Somo: Faili lako linavyosomwa Harvard

Kila mwaka naulizwa, "Wanataka alama ngapi?" Hakuna alama ya chini iliyopangwa. Mwaka 2023 waliomba zaidi ya 56,000, waliokubaliwa hawakufika 2,000. Wenye A tupu peke yao wangejaa wakamwagika. Utaratibu wenyewe ulianikwa mahakamani Boston mwaka 2018, katika kesi ya ubaguzi wa rangi dhidi ya Harvard, tuufuate.

Hatua ya 1. Faili hufika kwa msomaji wa eneo lenu. Hutoa namba kwa masomo, shughuli za nje ya darasa, michezo, na haiba. 1 ndiyo ya juu, kama divisheni zetu.

Hatua ya 2. Unapimwa kwa shule uliyotoka, na hapa ndipo vijana wetu wanapopotelea. Mmarekani akiona "Divisheni I, pointi 3" atajuaje kwamba kidato cha sita hakuna zaidi ya hapo? Kwenye mitihani yao namba ikipanda ndiyo sifa! Barua ya shule ieleze hilo, itaje mlikuwa wangapi na wangapi wamefika hapo. Kama hamna maabara, iandikwe. Nimeona barua ya mstari mmoja, "ana nidhamu na anaheshimu walimu," chini yake muhuri mkubwa wa bluu. Muhuri hausomwi. Bora mwalimu wa fizikia asimulie ulivyofungua redio mbovu ya bwaloni ikaimba tena.

Hatua ya 3. Kamati ndogo ya eneo, kisha kamati kuu ya watu wapatao 40. Msomaji wako ndiye wakili wako, wenzake wanapiga kura, wengi wape. Usipompa la kusema, atasema nini?

MASWALI

Mwalimu, nikiomba msaada wa ada nitaachwa?
Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii mfuko wako hata kama ni mgeni. Vyuo vingi vingine huangalia. Uliza kabla hujaomba.

Mjomba anamfahamu mkubwa mmoja serikalini. Amwombe barua?
Kama hajawahi kukufundisha, mwacheni mzee apumzike.

Shikamoo mwalimu. Ni kweli watoto wa waliosoma pale wanapendelewa?
Marahaba. Kweli, na wanamichezo waliosajiliwa, na watoto wa wafadhili. Kesi ilionyesha wazi. Kilichopigwa marufuku na Mahakama ya Juu ya Marekani, Juni 2023, ni kuangalia rangi.

Na SAT, ule mtihani wa Marekani wa kuombea chuo? Huku kwetu hakuna kituo.
Harvard waliirudisha kuwa lazima mwaka 2024, ila asiyeweza kuifikia anaruhusiwa kutumia mtihani mwingine, hata wa taifa. Ndiyo maana nakazania ile barua ya pointi.