Kufundisha kozi ya matetemeko chuoni: anza na rekodi, milinganyo baadaye

Kama umepangiwa kozi ya matetemeko ya ardhi, tafadhali usianze na mlinganyo wa wimbi. Silabasi nyingi zinaanzia hapo, afu ikifika wiki ya tatu nusu ya darasa wanakopi tu ubaoni bila kujua hizo alama zinaongelea nini. Siku ya kwanza wape seismogramu (rekodi ya mtikisiko wa ardhi) ya kweli ya tetemeko la karibu, iprinti kwenye karatasi kabisa, waambie watafute wimbi la P (lile linalofika kwanza) limeingia wapi na la S (linalofuata, linatikisa ardhi kiupande) limeingia wapi.

P haisumbui, mstari uliotulia unashtuka ghafla. S ndo kazi, kwa sababu inaingia wakati P bado inacheza, kwa hiyo wape pia rekodi mbili za ulalo, ya kaskazini-kusini na ya mashariki-magharibi, maana huko S huonekana vizuri kuliko kwenye ile ya wima. Waache wabishane. Mmoja atasema tofauti ya S na P ni sekunde 24, mwingine 26, usiwakatize, huo ubishi ndo somo lenyewe la makosa ya vipimo na hakuna slaidi italifundisha vizuri hivyo.

Afu wazidishe tofauti hiyo mara 8 wapate umbali kwa kilomita, yaani sekunde 25 ni kama kilomita 200. Wasipouliza 8 imetoka wapi waulize wewe: kwenye gamba la dunia P inaenda kama kilomita 6 kwa sekunde na S kama 3.5, waandike muda wa kila moja watoe, watafika wenyewe. Ukiwa na vituo vitatu, ramani na bikari wanachora duara tatu, moja kuzunguka kila kituo, wanapata kitovu, yaani sehemu ya uso wa dunia iliyo juu ya pale tetemeko lilipoanzia. Duara hazitakutana kwenye nukta moja na wengi watadhani wamekosea, waeleze kwamba kina cha tetemeko na kasi tulizokadiria vinachangia.

Hapo sasa leta mlinganyo. Kimiminika hakipingi kusukumwa kiupande, wakiweka sifuri kwenye kipimo cha ukinzani huo wataona kasi ya S nayo inakuwa sifuri, na ndo maana S haipiti kwenye kiini cha nje cha dunia, ambacho ni kimiminika. Wataje pia Inge Lehmann, mwanasayansi wa matetemeko kutoka Denmark, mwaka 1936 alionyesha kuna kiini cha ndani kwa kusoma rekodi za mawimbi ya P, kazi ileile waliyoanza nayo wao.

Kwenye ukubwa wa tetemeko (magnitude) nenda taratibu: namba ikipanda moja, mtikisiko kwenye rekodi ni mara 10 ila nishati ni kama mara 32, wanachanganya hayo kila semista.

ObsPy, programu ya kuchambua rekodi za matetemeko kwa kompyuta, ni ya bure na inatumia lugha ya Python, lakini ilete baada ya karatasi. Na kwenye mtihani usiulize "eleza maana ya kitovu", wape rekodi ambayo hawajawahi kuiona na rula.