Kata mabingobingo kabla majani ya chini hayajafa

Jani la mabingobingo, nyasi ndefu za kulisha ng'ombe, huanza kuzeeka kwenye ncha, na majani ya chini ndiyo hutangulia: njano, kisha kahawia. Mmea unahamishia naitrojeni, kirutubisho chake, kwenye majani machanga, na kivuli cha yaliyo juu huharakisha kufa kwa ya chini. Ng'ombe akila yaliyokauka anajaza tumbo tu, protini ni kidogo mno.

Mvua za Tabora zikiwa zimekolea, kagua mashina kila wiki. Yakifika kama mita 1 na majani ya chini yakianza njano, kata, ukiacha sentimita 10 za shina. Ukikata chini zaidi, machipukizi huchelewa. Njano ikitokea mmea ungali mfupi, mara nyingi udongo umepungukiwa naitrojeni. Weka samadi iliyooza.