Kabla ya Kuhamishia Mfumo Mkuu wa Kampuni Kwenye Wingu: Mambo ya Kuzingatia

Mkuu wa TEHAMA anapopewa kazi ya kuhamisha mfumo wa hesabu, mishahara au wateja kutoka seva za ofisini kwenda kwenye wingu, yaani seva za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, wakubwa wake humuuliza: mtahama lini? Swali litakalomwokoa ni jingine. Mambo yakiharibika mtarudi vipi, na mwisho wa kurudi ni saa ngapi? Asipokuwa na jibu lililoandikwa, tarehe ya kuhama isitangazwe.

Benki ya TSB ya Uingereza ilihama Aprili 2018. Data zilifika salama, lakini mfumo mpya ulianza kufeli mara tu ulipofunguliwa, na sehemu kubwa ya wateja wake milioni 5.2 wakaathirika. Hali haikurudi kuwa ya kawaida hadi Desemba mwaka huo. Mwaka 2022 benki ilitozwa faini ya pauni 48,650,000, na mwaka 2023 aliyekuwa mkuu wake wa TEHAMA akatozwa pauni 81,620 yeye binafsi, kwa kutosimamia ipasavyo maandalizi ya mtoa huduma. Kwa hiyo barua ya mkandarasi inayosema "tuko tayari" isikutoshe. Dai matokeo ya majaribio yenyewe: watumiaji wangapi kwa wakati mmoja, kwa muda gani, na kwenye kituo kipi cha data. Kama mfumo utaendeshwa kwenye vituo viwili, vipimwe vyote viwili.

Anza na orodha ya kila kinachozungumza na mfumo unaohama. Usiiandike kwa kuwauliza watu tu, kwa sababu watu hukumbuka wanachokitumia kila siku. Rekodi mawasiliano ya seva kwa siku 30 au zaidi, na kipindi hicho kiwe na mwisho wa mwezi ndani yake. Ndipo huibuka skripti (programu fupi inayojiendesha) inayotuma faili za mishahara benki mara moja kwa mwezi, mashine ya kuskani iliyoandikiwa anwani ya IP (namba ya utambulisho mtandaoni) ya seva ya zamani, na ripoti ambayo aliyeitengeneza alishaacha kazi. Kila kiunganishi kiwe na jina la mtu atakayethibitisha kwamba kinafanya kazi baada ya kuhama.

Bekapu, yaani nakala za akiba za data, inahitaji ukali zaidi, maana hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kodi za programu mtandaoni, alifuta data za hifadhidata kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Walipotafuta bekapu walikuta ghala lake ni tupu: programu iliyozichukua ilikuwa toleo la 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa 9.6, hivyo ikashindwa kufanya kazi, na barua pepe za kutoa taarifa ya kosa zilikuwa zikikataliwa njiani, kwa hiyo hakuna aliyejua. Waliokolewa na nakala iliyokuwa imechukuliwa saa 6 hivi kabla ya ajali. Alama ya kijani kwenye skrini inakuambia kazi ilianza na kuisha, haikuambii faili linasomeka. Wiki mbili kabla ya kuhama, rejesha bekapu nzima kwenye seva tupu, pima muda uliotumika, kisha linganisha idadi ya rekodi na jumla za fedha na mfumo halisi. Muda huo uandike. Utauhitaji hapa chini. Nakala moja iwe mbali na jengo. Kituo cha data cha OVH, kampuni ya Ufaransa ya kukodisha seva, mjini Strasbourg kilipoungua Machi 10, 2021, waliokuwa wameweka bekapu zao palepale walipoteza vyote.

Piga hesabu ya laini ya intaneti mapema. Terabaiti 10 kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku 9 laini ikiwa haina mtumiaji mwingine. Ukipata asilimia 70 tu ya kasi hiyo, ni siku 13. Nakala ya kwanza basi ianze wiki kadhaa kabla, na siku ya kuhama yavushwe mabadiliko peke yake.

Rekodi za DNS, zinazoelekeza jina la tovuti kwenye anwani ya seva yake, nazo zina mtego mdogo. Ikiwa muda wa kuhifadhiwa kwa rekodi ni sekunde 86,400, ukibadilisha anwani leo wapo watakaoendelea kupelekwa kwenye seva ya zamani hadi kesho. Ushushe hadi sekunde 300 siku mbili kabla. Kuushusha usiku wa kuhama hakusaidii, kwa kuwa thamani ya zamani imeshahifadhiwa huko nje. Vyeti vya usalama vya tovuti navyo vipangiwe kujihuisha vyenyewe, kwani uhai wake wa juu unapunguzwa kwa awamu hadi siku 47 kuanzia Machi 15, 2029.

Sasa saa ya kurudi. Tuseme mnafunga mfumo Ijumaa saa 2 usiku na wafanyakazi wanauhitaji Jumatatu saa 2 asubuhi. Hizo ni saa 60. Kama kurejesha mfumo wa zamani kulipimwa kukachukua saa 12, na ukaguzi saa 4, mwisho wa kuamua ni Jumapili saa 10 jioni. Baada ya hapo hamna nafasi ya kurudi, hata mkitaka. Andikeni vigezo vinavyopimika: salio zote zilingane, ripoti tatu muhimu zitoke, watumiaji 20 waingie bila hitilafu. Mwamuzi awe mmoja, na asiwe miongoni mwa wanaochapa amri, kwa sababu mtu aliyekesha siku mbili akitengeneza kitu huona daima kwamba kimebakiza dakika kumi.

Kuna ugumu mwingine ambao mipango mingi huuruka. Watumiaji wakishaanza kuingiza miamala kwenye mfumo mpya, kurudi kunamaanisha kuipoteza miamala hiyo, isipokuwa mmeandaa njia ya kuirudisha kwenye mfumo wa zamani. Njia hiyo ijaribiwe kabla. Mkishindwa kuitengeneza, siku ya kwanza fungueni idara moja ndogo, ili miamala ya kuingizwa upya kwa mkono iwe michache.

Andaa akaunti mbili za dharura zisizotegemea mfumo wa kawaida wa kuingia, zenye uthibitisho wa hatua mbili kwa kifaa kilichofungiwa kabatini. Mfumo wa kuingia ukikwama nanyi mko nje, hamtaweza kurekebisha chochote. Mafundi wagawanywe kwa zamu za saa 8. Kwenye bajeti weka gharama ya kuendesha mifumo miwili sambamba kwa miezi miwili, na tahadhari za matumizi kwenye asilimia 50, 80 na 100. Ulizia pia bei ya kutoa data kwenye wingu, maana kuingiza mara nyingi ni bure.

Seva za zamani zizimwe, zisifutwe. Zikae hivyo hadi mfumo mpya ufunge hesabu za mwezi mara mbili, kisha diski zifutwe kabisa na mtu wa hesabu atie saini kabla ya kutolewa.