Kuhesabu vifuko vya chembe sahani kwa flosaitometa, kuanzia sindano

Mwongozo huu ni kwa wenzetu wa maabara za Kigoma mnaochukua damu huku na kuipima kwenye flosaitometa (mashine inayopitisha chembe moja moja mbele ya leza) iliyo mbali. Unahusu vifuko vinavyotolewa na chembe sahani, vyenye alama ya CD61 (protini ya juu ya chembe sahani). Kupima seli za kawaida, kama CD4, mnakujua, kwa hiyo mambo ya kusahihisha mwingiliano wa rangi nayaruka. Kinachobadilika ni ukubwa: limfosaiti (seli nyeupe ya damu) haipungui mikromita 6, ilhali vifuko vingi havifiki nanomita 200. Kwa udogo huo, vumbi, kingamwili zilizoshikana na vipande vya chembe sahani vyote vinaweza kuhesabiwa kama vifuko.

1. Damu. Mgonjwa awe hajala, maana mafuta ya chakula huleta chembe zenye ukubwa kama wa vifuko. Sindano geji 21, mkono usifungwe kwa nguvu, tyubu ya kwanza iwe ya vipimo vingine. Kisha jaza tyubu ya sitreti (dawa ya kuzuia damu kuganda) asilimia 3.2 hadi kwenye alama, ugeuze taratibu mara nne. Usiiweke kwenye barafu: baridi huamsha chembe sahani.

2. Kuzungusha. Vifuko vingi vya uongo huzaliwa hapa, na hakuna mashine itakayovitenganisha baadaye. Zungusha kwa 2,500 g, dakika 15, nyuzi 20 hadi 25, bila breki. Chukua plazma kwa pipeti, ukiacha sentimita moja juu ya tabaka jeupe (la seli nyeupe na chembe sahani). Hamishia tyubu mpya ya plastiki, zungusha tena vilevile, na uache mikrolita 100 za chini. Mzunguko wa pili si wa hiari. Chembe sahani zilizobaki zikigandishwa hupasuka, na kila moja huzaa vifuko ambavyo mgonjwa hakuwa navyo.

Sentrifuji nyingi huonyesha mizunguko kwa dakika tu, si g. Pima kwa rula kutoka katikati ya rota hadi kitako cha tyubu ikiwa imelala, kwa sentimita, kisha kokotoa: g = 0.00001118 × sentimita × mizunguko × mizunguko. Kwa sentimita 16, 2,500 g ni mizunguko kama 3,740. Kwa sentimita 10 unahitaji kama 4,730, na sentrifuji inayoishia 4,000 itakupa takriban 1,790 g tu. Hiyo haitoshi, tafuta nyingine. Umeme ukikatika katikati, subiri rota isimame yenyewe, halafu anza dakika 15 upya.

Fanya haya yote ndani ya saa moja. Damu iliyochukuliwa Kasulu au Uvinza isisubiri gari la kwenda mjini, kwa sababu mtikisiko wa njiani nao huamsha chembe sahani. Izungushwe palepale, plazma igawanywe kwenye tyubu ndogo na kugandishwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Reli ya Kati hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo pakia barafu kavu ya kuvumilia hata treni ikichelewa. Plazma iliyoyeyuka njiani isigandishwe tena, itupwe.

3. Bafa. Pitisha PBS (maji ya chumvi yenye fosfeti) kwenye kichujio cha mikromita 0.1. Kile cha 0.22 hupitisha takataka zenye ukubwa uleule unaoutafuta.

4. Rangi. Zungusha kingamwili kwa 17,000 g, dakika 10, uchukue ya juu tu. Kati ya rangi zinazobebwa na kingamwili, mimi huchagua PE kuliko FITC, kwa sababu inang'aa zaidi na kifuko kina nafasi chache za kushikwa. Changanya, acha gizani dakika 30, usioshe. Ukitumia aneksini V (protini inayoshika mafuta ya utando wa vifuko), kumbuka inahitaji kalsiamu, na kalsiamu ikikutana na fosfeti ya PBS hufanya chembechembe zinazoonekana kama vifuko safi kabisa. Hapo badilisha bafa iwe ya HEPES, isiyo na fosfeti. Laktadherini, protini ya kazi ileile, haihitaji kalsiamu, nami naipendelea.

5. Kuzimua. Usiiruke hata kama umechoka. Vifuko vikiwa vingi, kadhaa hupita mbele ya leza kwa wakati mmoja na mashine huvihesabu kama kimoja kikubwa. Grafu inapendeza, namba ni ya uongo. Dalili ya kawaida ya msongamano, yaani mashine kulalamika kwamba kasi ni kubwa, huenda usiione kabisa, kwa kuwa vifuko vidogo mno visivyofika kizingiti (mwanga wa chini kabisa ambao mashine huuhesabu) navyo huchangia mwanga.

Tengeneza viwango vinne: mara 50, 100, 200 na 400. Pima kila kimoja kwa mwendo wa chini, mikrolita 10 kwa dakika. Kila unapozimua maradufu, hesabu ishuke nusu na mng'ao wa wastani ubaki palepale. Hesabu ikishuka kidogo tu huku mng'ao ukififia, bado vimebebana, endelea kuzimua. Fanya hivi kwa kila mgonjwa, maana kiwango kinachomfaa mtu mzima wa afya kinaweza kumkosa mwenye malaria.

Weka kizingiti kwenye PE, si kwenye mtawanyiko wa mwanga, na kama mashine ina leza ya nanomita 405, tumia mtawanyiko wake wa pembeni. Usikate ukubwa kwa shanga za polistaireni moja kwa moja: hupinda mwanga kwa kipeo cha takriban 1.6, vifuko karibu 1.4, hivyo kifuko chenye mwanga sawa na shanga ya nanomita 200 ni kikubwa zaidi ya hiyo.

6. Vidhibiti, yaani sampuli za kulinganishia. Bafa tupu, bafa na kingamwili, plazma bila kingamwili, na sampuli yenye Triton X-100 (sabuni ya maabara) asilimia 0.1 kwa dakika 30. Vifuko huyeyuka, kingamwili zilizoshikana hubaki. Kinachobaki si vifuko, kitoe.

7. Hesabu. Matukio 12,000 katika dakika 2 ni mikrolita 20, yaani 600 kwa mikrolita. Toa 100 za vidhibiti, zidisha 500 kwa 200 ya kuzimua: vifuko 100,000 kwa kila mikrolita ya plazma. Katika kuzimua hesabu pia ujazo wa kingamwili.