Betri ya sensa ghalani isikate mapema

Kama umeweka sensa ya unyevu kwenye ghala la korosho huko Newala au Nachingwea, usiiache ESP32 (chipu ndogo yenye waifai inayoendesha sensa) ikae macho muda wote, waifai ikiwaka inakula miliampia 80 kwenda juu, ikiwa kwenye usingizi mzito chipu inataka kama maikroampia 10 tu, na unyevu wa ghala haubadiliki kila dakika jamani, iamshe kila nusu saa ipime, itume, ilale. Ila bodi yenyewe iangalie sana! Kile kitaa chekundu kinachowaka muda wote kitoe, na regulata (kidude cha kuweka sawa volti) ya AMS1117 hata chipu ikilala inaendelea kunywa kama miliampia 5, hiyo ndo inamaliza betri, weka regulata ya HT7833 isiyokunywa hivyo. Kama sensa yako ya unyevu ni DHT22, ipe umeme kwenye pini ya ESP32, izime kabla ya kulala, ukiiwasha subiri sekunde 2 ndo usome.