Muda wa kusubiri grini kadi: jinsi ya kuusoma kwa ofisi yako, na la kufanya ukipitiliza

Mwongozo huu ni wa aliyeko Marekani tayari na anayeombea ukaazi wa kudumu humo humo kwa fomu ya I-485: mume au mke wa raia, mzazi wa raia, mkimbizi aliyetimiza mwaka mmoja nchini, mshindi wa bahati nasibu ya viza. Anayesubiri usaili ubalozini Nairobi au Dar es Salaam yuko kwenye foleni nyingine, na hesabu za hapa hazimhusu.

Ijue ofisi inayoshika faili lako

Bahasha ya maombi haipelekwi ofisi ya mjini kwako. Inatumwa kwenye anwani ya kupokelea ambayo idara ya uhamiaji (USCIS) imeiandika kwenye ukurasa wa fomu. Maombi mengi ya kifamilia hutoka hapo kwenda kituo cha National Benefits Center, kule Lee's Summit, Missouri, ambako faili linakaguliwa na kuandaliwa. Likiwa tayari kwa usaili ndipo linapelekwa ofisi ya eneo, kwa kufuata zip kodi ya makazi yako. Ndiyo maana watu wawili walioomba siku moja, mmoja Columbus, Ohio, mwingine Portland, Maine, wanaweza kupishana kwa miezi bila yeyote kati yao kukosea kitu.

Ofisi yako utaipata kwa kuingiza zip kodi kwenye ukurasa wa kutafuta ofisi wa uscis.gov. Andika jina lake kama lilivyo. Utalihitaji hivi punde.

Kusoma ukurasa wa muda

Fungua egov.uscis.gov/processing-times. Chagua fomu I-485, kisha aina ya maombi (ya familia, ya kazi, ya mkimbizi na kadhalika), kisha ofisi. Wengi huharibu kwenye hatua ya pili: wanachagua aina isiyo yao, wanaona namba nzuri, wanafurahi bure.

Namba ya miezi inayojitokeza inaangalia nyuma. Maana yake ni kwamba katika miezi sita iliyopita, asilimia 80 ya maombi yaliyoamuliwa yaliisha ndani ya muda huo. Katika kila watu kumi, wawili walikaa zaidi, na huenda wewe ni mmoja wao. Namba yenyewe husasishwa mara kwa mara na inaweza kupanda wakati unasubiri.

Inayokupa haki ya kuuliza si namba hiyo. Shuka chini, weka tarehe ya kupokelewa kwa maombi yako, na ukurasa utakuambia kama wakati wa kuuliza umefika. Kipimo chake ni kikali zaidi: ni muda ambao asilimia 93 ya maombi yalimalizika. Tuseme barua yako ya I-797C inasema maombi yalipokelewa 14 Machi 2025, na tarehe ya kuulizia ya ofisi yako ni 2 Februari 2025. Bado. Siku tarehe ya ofisi itakapokuwa 20 Machi 2025, mlango umefunguka. Tumia tarehe ya kupokelewa iliyo kwenye barua, si ile uliyotuma bahasha posta wala ile ya kutolewa kwa barua yenyewe.

Kuna jambo ukurasa huo hauonyeshi. Novemba 2025 idara iliagiza mafaili ya wakimbizi walioingia kati ya Januari 2021 na Februari 2025 yapitiwe upya, na maombi yao ya grini kadi yakasimamishwa. Desemba ikasimamisha pia uamuzi kwa wenye uraia wa nchi 19, Burundi na Somalia zikiwemo, na orodha ikaendelea kupanuliwa. Kabla ya kuhesabu miezi, tafuta nchi yako kwenye matangazo ya karibuni ya idara. Aliyemo kwenye orodha hizo asitegemee namba ya ofisi, amwone wakili.

Miezi inayopotelea kwenye bahasha

Kasi ya ofisi huwezi kuibadilisha. Lakini kuna miezi ambayo mwombaji huitupa mwenyewe.

Fomu: kila ukurasa uwe wa toleo moja, lile linalokubaliwa sasa. Tarehe ya toleo iko chini ya ukurasa. Ukichanganya kurasa za toleo la zamani na jipya, bahasha yote inarudi. Sahihi ikikosekana, inarudi pia.

Malipo: ada ya I-485 ni dola 1,440, mtoto wa chini ya miaka 14 anayeomba pamoja na mzazi ni dola 950, mkimbizi halipi. Kibali cha kazi (I-765) kinachoambatana na maombi ni dola 260, ruhusa ya kusafiri (I-131) dola 630. Kila fomu ilipiwe peke yake. Tangu mwisho wa Oktoba 2025 hundi na manioda hazipokelewi kwa kawaida. Unajaza G-1450 kwa kadi au G-1650 kukatwa kwenye akaunti ya benki. Hakikisha fedha zipo na benki haitazuia malipo. Hakiki ada kwenye G-1055, orodha ya ada ya idara, siku ile ile unayofunga bahasha.

Cheti cha afya: I-693 lazima iambatane na maombi tangu Desemba 2024. Daktari aliyeidhinishwa na idara anakukabidhi bahasha iliyofungwa. Usiifungue hata kwa kuchungulia, mwombe nakala yako kando. Mkimbizi aliyepimwa kabla ya kuingia kwa kawaida hudaiwa sehemu ya chanjo tu, na idara nyingi za afya za kaunti huijaza.

Majina: hapa Waafrika Mashariki na Wakongo tunaumia sana. Cheti cha kuzaliwa kinasema Salehe Juma Hamisi, pasipoti inasema Hamisi Salehe, karatasi za kambini zimeandika Saleh. Afisa anaona watu watatu. Orodhesha kila namna jina lako lilivyowahi kuandikwa kwenye nafasi ya majina mengine, na ambatanisha kiapo kinachoeleza tofauti. Hati ya Kiswahili au Kifaransa iwe na tafsiri kamili ya Kiingereza, mihuri ikiwemo, na tamko la mfasiri lililosainiwa kwamba anazimudu lugha zote mbili.

Ukiwa kwenye foleni

Ukihama, toa taarifa ndani ya siku 10 kwa fomu ya kubadili anwani, AR-11, mtandaoni, na uhakikishe namba ya risiti (herufi tatu na tarakimu kumi) imeingizwa. Kuandikisha posta tu hakutoshi, kwa sababu barua za idara hurudishwa zilikotoka badala ya kukufuata. Bandika majina ya wote wanaoomba kwenye sanduku la barua. Na kama unaweza kuahirisha kuhama hadi usaili upite, ahirisha: ukienda eneo la ofisi nyingine, faili nalo linasafiri.

Usitoke nje ya nchi kabla ruhusa ya kusafiri haijaidhinishwa. Isipokuwa kwa wenye viza chache kama zile za kazi za H-1B na L-1, kuondoka bila hiyo huhesabiwa umeyaacha maombi, hata kama ulikwenda kuzika.

Kibali cha kazi kiombewe upya siku 180 kabla ya kuisha. Nyongeza ya siku 540 iliyokuwa ikijiongeza yenyewe iliondolewa kwa walioomba kuanzia 30 Oktoba 2025, kwa hiyo uzembe wa miezi miwili unaweza kukutoa kazini.

Siku ya usaili, asiyemudu Kiingereza aje na mkalimani wake mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, akiwa na kitambulisho. Wote wawili watasaini G-1256, tamko la usaili wenye mkalimani, mbele ya afisa. Wakili wako hawezi kushika kazi hiyo. Kutokwenda bila taarifa kunaua maombi.

Muda ukipita

Anza na egov.uscis.gov/e-request, chagua kwamba kesi imepita muda wa kawaida, na uhifadhi namba ya ombi. Kupiga simu ya idara, 800-375-5283, kunasaidia pale tu unapokuwa na swali mahususi, kama barua iliyopotea. Jibu likiwa la jumla jumla, nenda kwa ofisi ya mbunge au seneta wa jimbo lako. Hazitozi kitu na huhitaji kuwa raia. Utasaini fomu ya kuruhusu waulizie faili lako. Hatua ya mwisho ni kesi ya mahakama ya shirikisho kuilazimisha idara iamue, nayo inataka wakili. Jihadhari na "mawakala" wanaodai wana mtu ndani.

Mshindi wa bahati nasibu asisubiri ngazi hizi zimfikie moja moja: asipopata uamuzi kufikia 30 Septemba ya mwaka wake wa fedha, nafasi imekwisha.

Kwa wanandoa ni tofauti. Kadi ikitoka kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, inakuwa ya miaka miwili tu, na katika siku 90 za mwisho mtajaza I-751, fomu ya kuondoa masharti ya kadi hiyo, kwa dola 750. Ikitoka baada ya hapo, inakuja ya miaka kumi moja kwa moja. Ndoa ikiwa imebakiza wiki tano kutimiza miaka miwili, hakuna sababu ya kuisukuma idara.