Kuagiza mashua Nungwi

Usianze na bei. Ukifika kwa mafundi wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ukauliza "mashua shilingi ngapi?", utatajiwa bei ya chombo ambacho hata fundi mwenyewe hakijui. Anza na kazi: utabeba nini, utapita maji gani, na chombo kitalala wapi maji yakipwa.

Anayevua changu kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe, ngalawa inamtosha: gogo la mwembe lililochongwa, likafungwa mirengu (miti ya kukingama) na matengo mawili (mbao za kuelea ubavuni) lisipinduke. Mimi nasafirisha dagaa na magunia kati ya Tumbatu na Mkokotoni, basi nataka mashua yenye mkuku (mti mrefu wa chini, uti wa chombo), mataruma (mbavu za ndani) na tumbo pana. Jahazi nawaachia wenye shehena za Tanga na mitaji yao.

Fundi hachori ramani, vipimo vyote viko kichwani mwake. Kwa hiyo urefu wa mkuku, upana na kina viandikwe daftarini, mbele ya shahidi, na aina ya mti wa kila sehemu pia. Bei sasa ndiyo ijadiliwe. Mimi hulipa kwa mafungu: mkuku ukilazwa, mbao za ubavuni zikikamilika, na chombo kikishaelea.

Halafu nenda ukaangalie, usitume mtu. Mataruma ndiyo ya kuyakazia macho. Mazuri hutoka kwenye matawi yaliyojipinda yenyewe. Fundi huyachonga kwa tezo, shoka dogo la kuchongea, akifuata pindo la mti. Taruma likikatwa kwa msumeno kutoka ubao ulionyooka, nyuzi za mti zinakatika pale pale penye pindo, na ndipo litakapopasukia siku ya mawimbi. Lipitishie kidole, utaona mistari inaishia pembeni badala ya kuzunguka. Misumari nayo itobolewe njia kwanza, kwa keekee (chombo cha mkono cha kutobolea) au drili ya umeme, mradi isipigiliwe kavu ikapasua ubao.

Kisha kalafati, yaani kuziba nafasi za mbao. Pamba hulowekwa mafuta ya nazi, ikasokotwa, ikashindiliwa kwenye nafasi za mbao kwa patasi butu na nyundo. Kabla haijapakwa kitu kwa nje, omba maji yamiminwe ndani, ndoo baada ya ndoo, nawe uiname chini na kipande cha mkaa. Kila panapotona, tia alama. Kuna mafundi wananuna ukifanya hivi. Wanune, baharini utakuwa wewe.

Baada ya hapo mbao za juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa (harufu utaizoea), na chini ya maji deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, kuzuia wadudu watoboao mbao. Deheni hurudiwa kila mara, iweke kwenye hesabu zako.

Kushua, yaani kukiingiza chombo majini, ni siku za bamvua, maji makuu yakijaa hadi karibu na chombo. Wavutaji watakuja bila kuitwa, lakini wali na samaki ni juu yako. Usajili wa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar ushughulikie kabla ya kupakia mzigo wa kwanza.